SOMO LA AFYA: Mgonjwa Akijing'oa Mpira wa Kupumulia



Siku hizi ni vigumu kupata kikundi ambacho hakijawahi kuchangia bili ya ICU, yaani kile chumba cha wagonjwa mahututi. Kijana ameanguka na pikipiki akaumia kichwa. Mkulima amedhurika na dawa ya kunyunyizia mimea. Mama amezidiwa baada ya kujifungua. Tunachanga, tunakodi matatu, tunafika hospitalini. Lakini tukishafika karibu na kile kitanda, hatujui tufanye nini.

Halafu asubuhi moja tunaambiwa, "Usiku mgonjwa wenu alijing'oa mpira wa kupumulia." Hapo ndipo maneno huanza. Huyu anasema nesi alikuwa amelala. Yule anasema mgonjwa mwenyewe amechoka na maisha. Mwingine anauliza ni nani amemroga. Familia inagawanyika wakati ambapo mgonjwa anaihitaji zaidi.

LENGO LA SOMO. Tukimaliza, kila mmoja wetu aweze kueleza mpira huu ni wa kazi gani, kwa nini hutoka kabla ya wakati wake, na sisi wa nyumbani tunaweza kusaidia vipi.

1. Mpira huu ni nini?

Mgonjwa asipoweza kupumua vya kutosha, daktari humpitishia mpira mdomoni, ukashuka kooni na kupita katikati ya nyuzi za sauti mpaka kwenye njia ya hewa. Upande wa nje huunganishwa na mashine inayosukuma hewa. Kwa mtu mzima, mpira wenyewe una tundu la kama milimita 7 au 8, nao huingia kama sentimita 21 hadi 23 kutoka kwenye meno. Karibu na ncha yake kuna kipira kidogo kinachojazwa hewa ili pumzi ya mashine isivuje. Nje, mpira hushikiliwa kwa plasta au utepe.

Kwa sababu umepita kwenye nyuzi za sauti, mgonjwa hawezi kusema. Hili tulikumbuke, tutalirudia.

2. Hutokaje?

Njia ni mbili. Ya kwanza, unatoka kwa bahati mbaya mgonjwa anapogeuzwa, anapooshwa, au anapopelekwa kupigwa picha. Plasta ikilowa mate au jasho, hulegea. Kwa watoto wachanga hatari ni kubwa zaidi, maana njia yao ya hewa ina urefu wa kama sentimita 4 au 5 tu. Kichwa kikisogea kidogo, mpira nao unasogea.

Njia ya pili ni mgonjwa kujitoa mpira kwa mkono wake mwenyewe. Kwa watu wazima hii ndiyo hutokea zaidi. Mara nyingi hutokea dawa ya usingizi inapopunguzwa, wakati mgonjwa ameanza kuamka lakini akili bado haijatulia.

Madhara yake yanatofautiana. Wapo wengi ambao mpira ukitoka wanaendelea kupumua wenyewe, kwa kuwa walikuwa tayari wanapata nafuu. Lakini wengine hewa hukatika papo hapo, na ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu huanza kuharibika. Pia ule mpira ukivutwa na kipira chake kikiwa kimejaa, unaweza kuumiza nyuzi za sauti. Na kuurudisha kwa haraka ni kazi ngumu, maana mara nyingi koo limevimba.

3. Kuweweseka si wazimu

Hebu tujiweke mahali pa mgonjwa. Anafumbua macho. Hajui kama ni usiku au mchana, kwa sababu taa haizimwi. Mashine zinalia. Watu waliofunika nyuso wanamgusa. Kuna kitu kimemkaba kooni. Anaita jina la mkewe na sauti haitoki. Anajaribu kuinua mkono, anaona umefungwa. Je, wewe ungefanya nini? Bila shaka ungeking'oa hicho kitu kinachokukaba.

Hali hii huwapata wagonjwa wengi wa ICU. Maambukizi, dawa, maumivu na kukosa usingizi huchanganya akili. Mgonjwa huona vitu visivyokuwepo, au anadhani ametekwa na watu wabaya. Basi mtu aliyejitoa mpira tusiseme alitaka kufa. Mara nyingi yeye alikuwa anapigania uhai wake kwa jinsi alivyoelewa wakati ule.

4. Je, kumfunga mikono kunasaidia?

Wengi wetu tukikuta mzee wetu amefungwa mikono kwa kitambaa tunachukizwa sana, na wengine humfungua kimyakimya. Tusifanye hivyo. Nesi akiwa na wagonjwa wengine, huenda hiyo ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kumlinda.

Hata hivyo, tusidhani kamba ni dawa. Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wagonjwa wengi waliojitoa mpira walikuwa wamefungwa mikono wakati huohuo. Kufungwa kunaweza hata kuongeza hofu na fujo. Kinacholinda zaidi ni maumivu kutulizwa, mpira kufungwa vizuri na kukaguliwa, mgonjwa kupimwa kila siku kama yuko tayari kutolewa mpira, na mtu wa kumwangalia. Uingereza, kipimo kinachopendekezwa ni nesi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine. Kwetu nesi mmoja huweza kuwa na wagonjwa kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kusema nesi alilala, tuulize kwanza alikuwa na vitanda vingapi usiku ule.

Tukumbuke pia kwamba ICU zenyewe zilianza na watu waliokaa kando ya kitanda. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliivamia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Wagonjwa waliwekewa mpira shingoni, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu, mchana na usiku kwa miezi, wakisukuma hewa kwa mikono. Vifo vikapungua sana. Mashine zilikuja kuchukua kazi ya ile mikono, lakini kazi ya kumkalia mgonjwa hakuna mashine iliyoichukua.

5. Zoezi la kikundi

Kaeni wawiliwawili. Mmoja aume kalamu kwa meno na kuweka mikono nyuma. Kwa dakika mbili ajaribu kumweleza mwenzake, bila kutoa neno, kwamba mgongo unamwasha, au kwamba anataka kujua mtoto wake yuko wapi. Kisha mbadilishane. Mwishoni kila mtu aseme alijisikiaje. Msikimbilie kucheka na kumaliza, hapa ndipo penye somo lenyewe.

6. Wa nyumbani tufanye nini?

- Tuchague watu wawili au watatu anaowajua vizuri, tupange zamu na nauli yao. ICU nyingi ziko mbali. Utafiti uliochapishwa 2020, wakati korona inaingia nchini, ulikuta kaunti zenye ICU ni 22 tu kati ya 47. Ziliongezwa baadaye, lakini safari bado ni ndefu kwa wengi.
- Tuzungumze naye kwa lugha ya nyumbani, hata kama amefumba macho. Tumwambie leo ni siku gani, yuko wapi, na kwamba kile kitu kooni kinamsaidia kupumua na kitatolewa.
- Tumwulize maswali ya ndiyo au hapana. Akubali kwa kubana mkono, au kuandika kama anaweza.
- Kama hutumia miwani au kifaa cha kusikia, tumwambie nesi na tukilete.
- Tumshike mkono. Tukitaka afunguliwe tukiwapo, tuombe ruhusa, na tunapoondoka tumwambie nesi.
- Tusimgeuze, tusimwinue, wala tusimpe maji au uji.

7. Dalili za kuita nesi mara moja

Mgonjwa ametoa sauti au ameongea. Plasta imelegea au mpira umetoka nje kuliko ulivyokuwa. Mashine inalia bila kunyamaza. Kifua hakipandi. Midomo inabadilika rangi. Usingoje zamu ibadilike, ita kwa sauti. Na mpira ukitoka, usijaribu kuurudisha hata kidogo. Piga kelele, kisha pisha wenye kazi.

8. Maswali ya kujadili

a) Mgonjwa wetu wa mwisho wa ICU, ni nani alikaa naye? Alizungumza naye nini?
b) Tumewahi kumlaumu nesi au mgonjwa bila kuuliza? Tungeuliza vipi kwa heshima?
c) Katika mchango wetu, je, tunatenga nauli ya mtu wa kukaa na mgonjwa, au pesa zote huenda kwa bili?
d) Wauguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya kaunti yetu ni wangapi? Ni nani tutamwuliza?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO. Kikundi kichague watu wawili wa kwenda kumwona muuguzi mkuu wa hospitali iliyo karibu, wamwulize saa za kuona wagonjwa wa ICU na kama jamaa wanaruhusiwa kukaa zaidi mgonjwa anapoanza kuamka. Jibu lake liandikwe kwenye daftari la kikundi. Siku shida itakapobisha hodi, tusianze kuulizana.