JERAHA LA GUMBA LISINGOJE

Katika mashamba ya mahindi ya Kitale na ya miwa huko Bungoma, panga na mashine za kupukuchulia hujeruhi mikono. Wengi huogopa damu tu. Ikikoma, hurudi kazini. Hapo ndipo wakosapo. Jeraha dogo laweza kukata ukano, yaani kamba ya ndani ikunjayo kidole. Ukano ukikatika, ncha zake hujivuta nyuma, na kadiri siku zipitavyo ndivyo kuziunganisha kunavyokuwa kugumu. Na bila gumba, nani atashika jembe?

Basi jaribu kulikunja na kulinyosha. Likikataa, au likifa ganzi, nenda hospitali siku ile ile, ijapokuwa jeraha ni dogo kama punje ya hindi. Kwanza lioshe kwa maji safi, likandamize kwa kitambaa safi, inua mkono, vua pete kabla hujavimba. Usitie udongo wala samadi, kwani humo hukaa vijidudu vya pepopunda.

Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukitie katika mfuko usiopitisha maji, kisha mfuko uuweke juu ya barafu; kidole chenyewe kisiguse barafu. Majeruhi aende nacho upesi, hata akipelekwa hospitali ya rufaa ya Eldoret.