Maji ya Kunywa Katika Safari Ndefu ya Baisikeli Milimani

Eliya alipokuwa karibu kwenda safari ndefu mpaka mlima Horebu, malaika aliweka kwanza mkate na chupa ya maji karibu na kichwa chake. Mungu alijua kwamba mwili wa mtu hauwezi kusafiri bila maji. Na wewe, unapotaka kupanda milima kwa baisikeli, fikiri kwanza habari ya maji.

1. Hesabu maji kabla ya kutoka.
Mtu anayepanda baisikeli kwa nguvu katika jua anatoka jasho nyingi. Anahitaji karibu nusu lita kila saa, na pengine zaidi. Tuseme unatoka Beni kwenda Butembo. Njia ni karibu kilomita 50, na Butembo iko juu zaidi. Ukiwa na mzigo, pengine utatumia saa 6. Basi nusu lita mara 6 ni lita 3. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo usipakie mizigo mpaka ukose nafasi ya maji. Ukitaka kuchukua machache, ujue kwanza ni nyumba gani njiani watakupa maji yaliyochemshwa.

2. Usidanganywe na macho.
Kijito cha mlimani ni baridi, nacho kinang'aa. Lakini huko juu kuna watu na ng'ombe. Mavi yao yanashuka pamoja na mvua, na vijidudu vya kuhara damu, vya homa ya matumbo na vya kolera havionekani kwa macho.

3. Tengeneza maji jioni, kabla ya siku ya safari.
Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja. Mahali palipo juu ya mita 2,000, yaache yatokote dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufikia moto mkali. Yafunike, yapoe. Osha chupa kwa sabuni, ndipo uyamimine. Usitumie kamwe bido iliyokuwa na petroli au dawa ya kuua wadudu wa shamba.

4. Kunywa kidogo kidogo.
Usingoje kiu kikali. Wala usinywe lita nyingi mara moja. Kula kitu chenye chumvi pia. Tazama mkojo wako: ukiwa mweusi-mweusi na kidogo, mwili unakosa maji. Kichwa kikiuma na macho yakizunguka, shuka, kaa kivulini, unywe. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyo na maana, na mwili wake ni moto sana, mlaze kivulini, mmwagie maji, mpepee, na kumpeleka upesi kwa munganga.

5. Ukishikwa na kuhara njiani.
Usiseme, "Nitaacha kunywa ili kuhara kukome." Watu wengi wamekufa kwa wazo hili. Tia katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Kunywa kila mara, na kwenda hospitali. Kama kuhara ni kama maji yaliyooshea mchele, usingoje kesho: kolera yaweza kuua mtu kwa saa chache.

6. Mpende jirani yako aliye chini.
Ukitaka kwenda haja njiani, nenda mbali na kijito, chimba shimo na kufukia. Mtoto wa kijiji cha chini atakunywa maji yale.

Maswali
1. Safari yako ijayo ni ya saa ngapi? Utahitaji lita ngapi?
2. Kwa sababu gani maji yanayong'aa yaweza kuleta ugonjwa?
3. Mwonyeshe mtu wa nyumba yako namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi.