Achari ya Haradali Nyumbani: Utengenezaji, Uhifadhi na Mambo ya Kuchunguza Zahanatini

Kuanzia Novemba hadi Februari, maembe ya nyanda za chini za Same hukomaa kwa wingi kuliko walaji. Kisiwani, kata iliyo chini ya safu ya Upare Kusini kwenye barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi, iko mahali pazuri kwa mpishi wa achari: embe bichi liko jirani, na kutoka milimani hushuka tangawizi, ambayo Mamba Miamba imejipatia sifa kwayo, pamoja na mboga za vyakula vya baridi. Haradali, manjano na siki hununuliwa dukani. Achari yenyewe ni chakula kilichotufikia kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, na jina lake lilisafiri pamoja nacho.

Makala haya yanahusu achari ya mboga iliyotiwa haradali. Tumeichagua kwa sababu moja. Watu wengi huamini kwamba kinachoilinda achari isiharibike ni ukali wake: haradali, pilipili, kitunguu saumu. Wengine huamini ni mafuta yanayoelea juu, au jua la wiki nzima. Kila kimoja kina kazi yake, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuzuia peke yake sumu iliyo hatari kuliko zote zinazoweza kujificha katika chupa iliyofungwa. Kinachoizuia ni asidi.

Bakteria aitwaye Clostridium botulinum huishi udongoni, na kwa hiyo hukaa juu ya karoti, vitunguu, maharagwe mabichi na tangawizi. Anapokosa mazingira mazuri hujifunga katika umbo gumu la mbegu, liitwalo spora, ambalo halifi kwa maji yanayochemka. Viwanda vya vyakula vya makopo huziua spora hizo kwa mvuke wenye shinikizo, katika joto la nyuzi 121. Sufuria ya kawaida haifiki hapo. Spora ikiwa ndani ya chupa isiyo na hewa, yenye majimaji na joto la chumba, huamka, na bakteria hutoa sumu inayopoozesha misuli. Haiamki kama asidi ya chakula ni ya kutosha, yaani kama kipimo kiitwacho pH kiko 4.6 au chini ya hapo. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi.

Hapa ndipo embe na karoti vinapoachana. Embe bichi lina uchachu wake wenyewe, nalo kwa kawaida liko chini kabisa ya mpaka huo. Bibi aliyetengeneza achari ya embe miaka 40 bila madhara alilindwa na tunda lenyewe. Lakini mjukuu wake akichukua utaratibu uleule, akaondoa embe na kuweka karoti, maharagwe mabichi na kitunguu saumu, ameondoa mlinzi bila kujua. Mboga hizo zina pH ya 5 au 6. Chupa mbili hizo zitafanana kwa rangi, kwa harufu ya viungo na kwa ukali ulimini.

Mafuta huongeza hatari hiyo. Ni kweli kwamba yanazuia ukungu, kwa kuwa ukungu unahitaji hewa. Lakini bakteria tunayemzungumzia anastawi pasipo hewa. Mwaka 1985, mjini Vancouver nchini Kanada, watu 36 waliugua kutokana na kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa katika mafuta bila kutiwa asidi wala kuwekwa kwenye jokofu. Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu, botulizimu, ni wa nchi za mbali: mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mlipuko nchini Kenya uliotokana na kula kumbikumbi.

Tuje jikoni. Kwa kilo moja ya mboga zilizooshwa, kumenywa na kukatwa vipande vidogo (karoti, koliflawa, vitunguu, maharagwe mabichi), andaa siki mililita 750, unga wa haradali gramu 30, manjano kijiko kimoja cha chai, tangawizi iliyotwangwa, chumvi gramu 50 na sukari kiasi upendacho. Siki iwe ile ambayo lebo yake inataja asidi ya asilimia 5. Siki isiyotaja kiwango ifae kachumbari ya leo, isiingie katika chupa ya kuhifadhi. Usiizimue kwa maji kwa sababu ni chachu mno; ongeza sukari, ambayo hupunguza uchachu ulimini bila kupunguza asidi. Ndimu na malimau hutofautiana sana kutoka tunda hadi tunda, hivyo yasichukue nafasi ya siki. Na magadi, ambayo wapishi wengine hutia ili mboga zibaki na rangi na zilainike upesi, yasikaribie kabisa chungu hiki: huua asidi tuliyoinunua.

Haradali ina tabia inayostahili kuelezwa. Mbegu nzima haina ukali. Inaposagwa na kulowana, kimeng'enya kilichomo hukutana na kemikali nyingine ya mbegu hiyohiyo, na ndipo ukali unaopanda puani huzaliwa. Maji ya moto au siki vikitangulia, kimeng'enya hushindwa kazi na unga hubaki mchungu tu. Kwa hiyo loweka unga kwa vijiko viwili au vitatu vya maji baridi, usubiri dakika 10, kisha uchanganye na siki. Ukali huo kweli huzuia vijidudu kadhaa, lakini hupungua kwa moto na kwa siku kupita, na ndiyo maana hatuutegemei.

Chemsha siki, chumvi, sukari na viungo katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Alumini na shaba huyeyuka kidogo kidogo katika asidi. Tia mboga, acha zichemke dakika 5, kisha jaza chupa za kioo za nusu lita zilizooshwa na kuchemshwa, ukiacha nafasi ya sentimita moja na nusu juu. Hakikisha mboga zote zimezama. Mapishi ya zamani ya Kiingereza huongeza unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito. Tunashauri uuache, maana mchuzi mzito hupitisha joto polepole hadi katikati ya chupa. Chupa za plastiki zilizowahi kuwa na dawa za shambani hazifai kwa chakula chochote, hata zikioshwa mara 100.

Funga, kisha chemsha chupa zikiwa zimefunikwa na maji kabisa. Mapishi mengi ya vitabuni huandika dakika 10, lakini yaliandikwa kwa ajili ya pwani. Maji huchemka kwa nyuzi pungufu kadiri tunavyopanda, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwa maeneo yaliyo kati ya mita 300 na 1,800 kutoka usawa wa bahari, ambamo Kisiwani na vijiji vingi vya Same vimo, chemsha dakika 15. Kwa walio juu zaidi ya hapo, dakika 20. Uchemshaji huu huua hamira na ukungu. Si jambo dogo, kwa sababu ukungu hula asidi, na chupa iliyoota ukungu inaweza kupanda juu ya mpaka wa 4.6 hata kama ilianza salama. Kwa hiyo kuutoa utando kwa kijiko na kuendelea kula hakufai. Chupa nzima itupwe.

Kikundi kinachouza achari kinunue karatasi za kupimia pH zenye namba. Pima siku ya pili, mboga zikiwa zimekwisha kunywa siki, kwa kusaga kipande cha mboga pamoja na mchuzi wake. Kwa kuwa karatasi si sahihi sana, tafuta namba iliyo chini ya 4.0. Andika tarehe kwenye kila chupa. Weka gizani na pakavu, mbali na bati la paa. Asiye na jokofu atumie chupa ndogo, ili iliyofunguliwa iishe ndani ya siku chache, na achote kwa kijiko kikavu.

Jambo moja kuhusu ununuzi: haradali iliyofungwa na kampuni inayojulikana ni bora kuliko ya kupima isiyo na asili. Kuna gugu lenye miiba na maua ya njano, Argemone mexicana, lililoenea pia Afrika Mashariki, ambalo mbegu zake hufanana na haradali nyeusi. Mafuta yake yalipochanganyika na mafuta ya haradali mjini Delhi mwaka 1998, watu wengi walivimba miguu na wengine kufa kwa moyo kushindwa kazi.

Sasa kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya. Mgonjwa wa botulizimu huja kwa kawaida saa 12 hadi 36 baada ya kula, ingawa siku kadhaa zinaweza kupita. Haonyeshi homa, na akili yake ni timamu. Huona vitu viwili viwili, kope zinalegea, mdomo mkavu, sauti inabadilika, kumeza kunamshinda, kisha udhaifu hushuka mikononi, kifuani na miguuni. Katika eneo la kilimo kosa lililo rahisi ni kudhani amekunywa dawa ya wadudu. Tazama mboni na mate: sumu nyingi za wadudu hubana mboni na kumwaga mate, ilhali hapa mdomo hukauka na mboni mara nyingi hupanuka. Muulize mwenye chakula kwa upole, asidhani anashtakiwa: "Mama, pole. Juzi na jana mlikula nini kilichokuwa kimefungwa kwenye chupa au mfuko? Nani mwingine alikila?" Chupa isitupwe, ifungwe na ipelekwe pamoja na mgonjwa. Mpe rufaa mapema, ukichunga pumzi yake njiani, kwani kinachoua ni kushindwa kupumua. Epuka jentamaisini, ambayo huzidisha udhaifu wa misuli. Dawa ya kupinga sumu huzuia ugonjwa usiendelee, lakini hairudishi misuli iliyokwisha kupooza, na ndiyo maana saa zina thamani. Waliokula chakula hichohicho watafutwe hata kama wanajiona wazima.

Kuna pia wagonjwa ambao kwao hata achari salama ina kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kijiko kikubwa cha achari tuliyoieleza, takriban gramu 20, kina karibu nusu gramu ya chumvi. Achari ya embe ya kukaushwa juani, inayotiwa gramu 100 za chumvi kwa kilo, hufikia gramu 1.8 kwa kijiko hichohicho, zaidi ya theluthi ya posho ya siku nzima. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo hahitaji kuambiwa aache kabisa. Achague ya siki, kijiko kimoja, na mboga ya siku hiyo ipikwe bila chumvi. Mwenye kisukari apunguze sukari ya mapishi haya au aiondoe yote, kwa kuwa usalama wa chupa hautegemei sukari. Chumvi nayo, katika achari ya siki isiyochachushwa, inaweza kupunguzwa hadi gramu 20. Siki ndiyo isipunguzwe.