Mgeni wa Michezo Akija Chuoni, Muulize Kazi Yake

Chuo kikibahatika kumwalika katibu wa chama cha michezo au meneja wa klabu, mara nyingi saa nzima huishia kwenye hadithi za mabao ya zamani na foleni ya kupiga picha. Hiyo ni hasara kubwa. Mgeni huyo anajua mambo ambayo hayamo vitabuni: kazi inavyofanyika siku mipango imevurugika, na njia iliyomfikisha alipo.

Njia hizo ni nyingi. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na baadaye akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Leodegar Tenga aliichezea timu ya taifa ya soka, Taifa Stars, kwenye fainali za Afrika za 1980, kisha akaliongoza Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) kuanzia 2004 hadi 2013. Wengi wengine hawakuwahi kuvaa jezi. Shirikisho la Soka Afrika (CAF), kabla ya kuipa klabu leseni ya mashindano yake, hutaka iwe na watu wa fedha, habari, tiba na usalama. Kwa hiyo waandaaji wasiridhike na nyota. Mhasibu anayejua mgawanyo wa mapato ya mlangoni anaweza kuwafaa wanafunzi kuliko mfungaji bora.

Hata ofisa usajili ana mengi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hutengwa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 huhesabiwa asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Mshambuliaji Mbwana Samatta, kabla ya kwenda Genk na hatimaye Aston Villa Januari 2020, alipita Simba na TP Mazembe; safari ya namna hiyo ndiyo inayofuatiliwa mwaka kwa mwaka. Klabu ndogo nayo ina haki ya fungu lake, mradi kumbukumbu zioneshe kijana alisajiliwa kwake lini. Basi muulize mgeni: nyaraka za vijana wenu anazitunza nani? Mmewahi kupoteza fedha kwa kukosa karatasi? Mechi ikianza saa 10 jioni, wewe unafika uwanjani saa ngapi, na unaanza na nini?

Maswali kama hayo huandaliwa siku kadhaa kabla, na ni vizuri mgeni apelekewe mapema aje na mifano, hata fomu tupu za kuonesha. Mambo yaliyoandikwa tayari yasimpotezee muda. Anayetaka uwakala wa wachezaji, kwa mfano, asome mwenyewe kuhusu mtihani wa FIFA ulioanzishwa 2023: maswali 20, dakika 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 75.

Mazungumzo yakiisha, usimwombe ajira papo hapo. Mwandikie ndani ya wiki hiyo, utaje jambo moja ulilojifunza kwake, na uombe kujitolea kwenye mechi moja: getini, meza ya waandishi, au kwenye kikao cha maandalizi. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika 2027, na mashindano ya ukubwa huo huhitaji watu waliokwisha kusimama getini mara kadhaa.