Kivuli Uwanjani: Somo la Jua kwa Watoto wa Kilimatinde



Jua linapochomoza Kilimatinde, mwanga wake huja kutoka upande wa tambarare ya Bahi, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na kila mtoto anayekwenda shuleni huwa na kivuli kirefu kuliko yeye. Ifikapo adhuhuri, kivuli hicho kimejikunja miguuni pake. Mabadiliko hayo ni somo la sayansi lisilohitaji maabara. Vilevile ni onyo linaloweza kulinda ngozi na macho ya watoto wetu. Makala hii inawalenga wazazi, walezi na kamati za shule, ili somo linaloanzia darasani liendelezwe nyumbani.

Kivuli ni nini?

Mwanga husafiri katika mstari mnyoofu. Kutoka kwenye jua, lililo umbali wa takribani kilomita milioni 150, hutufikia kwa muda wa dakika 8 hivi. Unapokutana na kitu kisichopitisha mwanga, kama vile ukuta au mwili wa mtu, huzuiliwa, na upande wa pili hubaki eneo lenye giza. Eneo hilo ndilo kivuli. Kioo safi hupitisha sehemu kubwa ya mwanga, hivyo kivuli chake ni hafifu mno.

Mtoto aelezwe pia kwamba jua halitembei kuizunguka dunia. Dunia ndiyo inayojizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa sababu hiyo kivuli cha asubuhi huelekea magharibi, na cha jioni huelekea mashariki.

Jaribio la fimbo

Simikeni fimbo iliyonyooka mahali tambarare, ibaki wima na urefu wa mita 1 juu ya ardhi. Kila baada ya saa moja, mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli, apime urefu wake na kuuandika katika daftari.

Atagundua jambo la kushangaza: kivuli kifupi kuliko vyote hakipatikani saa 6:00 kamili mchana, bali karibu saa 6:40. Sababu ni kwamba saa za Tanzania hufuata longitudo 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali Kilimatinde iko karibu na longitudo 35. Kila nyuzi moja ni sawa na dakika 4, hivyo jua hutufikia utosini tukiwa tumechelewa kwa dakika 40 hivi. Muda huo husogea kidogo kulingana na majira ya mwaka.

Jaribio likirudiwa katika miezi tofauti, mafunzo huongezeka. Kilimatinde iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Juni, jua likiwa kaskazini, kivuli kifupi cha fimbo hiyo huwa na sentimita 56 hivi na huelekea kusini. Tarehe 21 Desemba huwa na sentimita 32 hivi na huelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba, jua hupita utosini na kivuli karibu kitoweke.

Kivuli kama onyo

Hapa ndipo somo linapogusa afya. Mfundisheni mtoto kanuni moja: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta mahali penye kivuli. Kwetu hali hiyo huwapo takribani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mtoto asiye na saa anaweza kuisoma kanuni hii ardhini.

Kanuni hii inamhusu kila mtoto, lakini kwa mtoto mwenye ualbino ni ngao ya maisha. Ngozi yake ina upungufu mkubwa wa rangi ya asili inayozuia mionzi ya jua, hivyo huungua upesi, na madhara yakirundikana miaka mingi huweza kuleta saratani ya ngozi. Anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua. Jaribio la fimbo lisiwe sababu ya kumsimamisha juani: akae chini ya mti na kuandika vipimo vinavyosomwa na wenzake. Kazi hiyo ni sehemu kamili ya somo.

Macho nayo yalindwe. Mtoto asilitazame jua moja kwa moja, hata kupitia miwani ya kawaida au filamu ya eksirei. Tarehe 1 Septemba 2016, kivuli cha mwezi kilipopita kusini mwa nchi yetu na jua kuonekana kama pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, waliotazama kwa usalama walitumia miwani maalumu. Katika jaribio letu, macho yabaki ardhini.

Wajibu wetu

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Kamati za shule zinazopanga kupanda miti zitumie kokoto za watoto kuchagua mahali. Mti uliopandwa magharibi mwa uwanja hutupa kivuli chake uwanjani alasiri. Uliopandwa mashariki hufanya hivyo asubuhi. Mtoto aliyepima kivuli kwa mkono wake anaweza kuwaonyesha wazee mahali pa kuchimba shimo.