Masahihisho ya Kompyuta: Lini Tuharakishe, Lini Tungoje



Siku hizi daftari la wanachama, hesabu za mizani na malipo ya wachumaji hutunzwa katika kompyuta ya mezani. Wengi wenu pia mnazo majumbani kwa ajili ya watoto wanaosoma. Kwa hivyo yafaa tujifunze jambo moja linalobishaniwa sana: kompyuta ikitaka kupokea masahihisho ya mfumo wake endeshi, tukubali mara moja au tungoje?

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote, kama Windows au Linux. Ni kazi ya wanadamu, nayo haikosi kasoro. Kasoro nyingine huwa tundu ambalo mwizi aweza kulipitia. Watengenezaji wakiligundua hutunga kiraka cha kuliziba, nacho hutufikia kwa njia ya intaneti.

HATARI YA KUCHELEWA. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Wengi hawakukitia. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika tundu hilo hilo, vikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliambukizwa, na huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa wengi.

HATARI YA HARAKA. Lakini sahihisho lenyewe nalo laweza kuwa bovu. Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 lilifuta mafaili ya baadhi ya watu, hata Microsoft ikalisimamisha kwa muda. Tarehe 19 Julai 2024 sahihisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na safari nyingi za ndege zikavunjika. Siku hiyo hapakuwa na mwizi. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyefunga mlango.

Basi tufanyeje? Kwanza tujue kuwa masahihisho si ya namna moja. Kiraka cha usalama ni kidogo, na kazi yake ni kuziba tundu. Toleo jipya ni kubwa, nalo hubadili mambo mengi kwa pamoja. Kiraka kisingoje sana, maana kikishatangazwa, hata wezi hujua tundu liko wapi. Toleo jipya laweza kungoja, maadamu la zamani bado linaletewa viraka.

Watengenezaji wa Debian, ambayo ni namna moja ya Linux, wanatuonyesha njia. Toleo lao imara hutoka kila baada ya miaka miwili hivi. Likishatoka, programu zake hazibadilishwi ovyo; tundu likionekana, kwa kawaida huzibwa ndani ya programu ile ile ya zamani. Mkulima ataelewa upesi: tawi bovu hukatwa, mkarafuu haung'olewi.

Lakini tusidanganyike. Kompyuta isiyoletewa viraka tena yaweza kwenda vizuri kila siku, na mwenyewe akadhani ni imara, kumbe mlango u wazi. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa walioingia katika mpango wa nyongeza. Mwenye kompyuta ya namna hiyo na ahamie toleo linalotunzwa, au atie Linux. Akishindwa, asiiunganishe na intaneti.

TARATIBU YA KUFUATA

1. Kabla ya yote, weka nakala ya mafaili nje ya kompyuta, kisha uifungue uhakikishe kuwa inasomeka.
2. Viraka vya usalama vitiwe ndani ya juma moja. Kama zipo kompyuta mbili, anza na ile isiyo na kazi nyingi, uitazame siku mbili.
3. Toleo jipya lingoje miezi kadhaa, wala lisitiwe wakati wa msimu, tunapopima karafuu na kulipa watu.
4. Usianze umeme unapokatika-katika. Kompyuta ya mezani haina betri, na kuzimika katikati ya kazi huweza kuuharibu mfumo.
5. Pokea masahihisho kutoka katika mfumo wenyewe tu. Tangazo linalojitokeza katika ukurasa wa intaneti, likisema kompyuta yako imezeeka, usiliguse.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

(a) Kompyuta ya tawi lenu ina toleo gani, nalo bado linaletewa viraka?
(b) Nakala ya daftari la wanachama iko wapi, na nani aliyeifungua mara ya mwisho?
(c) Kompyuta ikiharibika leo, mchumaji atalipwa kwa hesabu ipi?