SOMO: KILO ZA MWISHO ZISIHARAKISHWE

Mwenye uzito uliozidi anaweza kuanza kwa kupunguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Lakini aliyetoka kilo 90 akilenga 75, afikapo 78 kasi hupungua, kwa sababu mwili mdogo hutumia nguvu kidogo. Hapo wengi hukata tamaa, au hujinyima chakula hata misuli ikapungua.

Tunashauri robo kilo tu kwa wiki. Tupunguze ugali kidogo, maharage na mboga vibaki, na tutembee dakika 30 kila siku. Tujipime mara moja kwa wiki, asubuhi.

Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu amwone daktari, maana dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Mwendo huu wa polepole hutuzoesha kuutunza uzito tukishalifikia lengo.